Saratani ya kinywa: protini zinazopimwa maabara zinatuambia nini juu ya mgonjwa?



Tunapopita nyumba kwa nyumba tunaulizwa maswali mengi, na mengine hayamo katika mafunzo tuliyopewa sisi wahudumu wa afya wa kujitolea. Moja linarudi mara kwa mara. Mgonjwa mwenye kidonda cha ulimi ametumwa Mbarara, kutoka Mbarara ametumwa Kampala, naye amerudi na karatasi ya maabara. Kwenye karatasi kuna maandishi kama p53, p16, Ki-67. Familia inauliza: haya ni nini? Yanasema atapona au hatapona?

Katika toleo hili tutajaribu kulijibu swali hilo. Jibu lenyewe lina sehemu mbili. Kwanza, alama hizo ni protini zilizopimwa ndani ya uvimbe, na chache kati yake zinamsaidia daktari kukisia ugonjwa utakwendaje au kuchagua dawa. Pili, mpaka leo hakuna protini hata moja inayotabiri hali ya mgonjwa wa saratani ya kinywa vizuri kuliko mambo matatu ya kawaida: uvimbe una ukubwa gani, umezama kiasi gani, na umefika shingoni au bado. Mambo hayo matatu yanategemea sana siku uliyokuja kutazamwa. Kwa sisi tunaoishi kambini jambo hili lina uzito wa pekee, na sababu yake tutaieleza mbele.

Kwanza tuujue ugonjwa

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa seli. Kila seli huzaliwa, hufanya kazi yake, hujigawa kwa utaratibu, kisha hufa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine. Saratani (wengine tunaita kansa) huanza pale seli zinapoacha kufuata utaratibu huo. Zinajigawa bila kukoma, zinaingia mahali pasipo pake, na baadaye zinasafiri kwenda kukaa sehemu nyingine za mwili.

Katika kinywa, karibu saratani 9 kati ya 10 huanzia kwenye ngozi laini ya ndani: pembeni mwa ulimi, chini ya ulimi, kwenye fizi, ndani ya mashavu au kwenye midomo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu karibu 390,000 duniani waligunduliwa na saratani ya mdomo na kinywa, na zaidi ya 188,000 walifariki kwa ugonjwa huo.

Visababishi vikubwa vinajulikana: tumbaku ya kuvuta, tumbaku ya kutafuna au kuweka chini ya mdomo, ugoro, pombe, na tambuu. Anayetumia tumbaku na pombe kali pamoja yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko anayetumia kimoja tu. Wale wanaonunua vile vipakiti vya kuber wajue kwamba sheria ya kudhibiti tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 imekataza kuuza tumbaku isiyovutwa. Vipakiti vile huonekana kama vya majani ya chai, lakini ndani yake ni tumbaku. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kula sahani moja na mgonjwa. Wala si uchawi wa jirani.

Kinyama kikikatwa kinakwenda wapi?

Daktari akishuku saratani hawezi kuthibitisha kwa macho peke yake. Hutia ganzi, hukata kinyama kidogo, pengine kama punje ya mchele, na kukitia kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuoza iitwayo formalini. Kinyama hicho ndicho kinachosafiri mpaka maabara.

Kuna uvumi kwamba kisu kikigusa saratani, inakasirika na kusambaa. Tumeusikia kwa Wakongomani, kwa Warundi na kwa Wasomali pia, kwa hiyo hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Ndugu zangu, kukata kinyama cha kupima hakusambazi saratani ya kinywa. Inayoipa nafasi ya kusambaa ni ile miezi ya kungoja huku mtu anaweka dawa kali ya kuchoma juu ya kidonda.

Huko maabara kinyama hukaushwa, hutiwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba sana. Chukua milimita moja kwenye rula ya mtoto wa shule, uigawe mara 250: huo ndio unene wa kipande kimoja. Kinawekwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya zambarau na ya waridi. Mtaalamu anakitazama kwa hadubini, na hapo ndipo anapojua kama ni saratani, ni ya aina gani, na seli zake zimeharibika kiasi gani. Kazi hii ya rangi mbili ni ya zamani, lakini ndiyo inayotoa jibu kubwa. Mengine yote yanakuja baadaye, na si kila mgonjwa anayafanyiwa.

Kupima protini ni hatua ya ziada. Protini ni vitu vinavyofanya kazi ndani ya seli: vingine hujenga, vingine hupeleka ujumbe, vingine hulinda. Seli za saratani mara nyingi zina protini fulani nyingi kupita kiasi, au zimekosa zile zinazotakiwa. Ili kuziona, maabara hutumia kingamwili. Mnakumbuka kwamba kingamwili ndizo askari ambazo chanjo hufundisha mwili kutengeneza, na kila moja humkamata adui wake tu. Za maabara zimetengenezwa ili kila moja ikamate protini moja tu, na zimefungwa dawa inayotoa rangi ya kahawia. Mahali protini ilipo, kahawia inaonekana. Mahali isipokuwepo, hapana rangi. Kisha mtaalamu anahesabu: katika seli 100 za saratani, ngapi zimepata kahawia, na je, ni kahawia nzito au hafifu?

Hapo tayari unaona ugumu. Kama kinyama kilikaa muda mrefu bila formalini, au kilitiwa kwenye maji tu, protini zake zinaharibika na rangi inasema uongo.

Neno "pozitivu" kwenye karatasi hii si UKIMWI

Hapa ninaomba tusome polepole, kwa sababu neno hili limeleta machozi yasiyo na sababu.

Mama mmoja alinionyesha karatasi ya mume wake. Ilikuwa imeandikwa p53, mbele yake pozitivu. Mtoto wao wa sekondari aliisoma akaelewa neno hilo moja tu. Nilipofika, kikombe cha papa kilikuwa kimetengwa pembeni, na mama alikuwa ameanza kulala chumba cha watoto. Mgonjwa mwenyewe alikuwa hazungumzi. Alidhani ameambiwa mambo mawili kwa siku moja, saratani na UKIMWI, na kwamba mke wake ameshamhukumu.

Katika kambi yetu neno pozitivu limezoeleka kwa kipimo cha VVU. Lakini kwa watu wa maabara lina maana moja tu: kile tulichokitafuta tumekiona. Kwenye karatasi ya saratani, p53 pozitivu ina maana kwamba rangi ya kahawia ilionekana tulipotafuta protini inayoitwa p53. Basi. Haihusiani na VVU. Kipimo cha VVU kinafanywa kwa damu, kwa ridhaa yako, na kinaandikwa kwa jina lake. Ni kweli kwamba mgonjwa wa saratani anaweza kushauriwa apime na VVU pia, kwa kuwa mwenye VVU yuko katika hatari zaidi ya saratani kadhaa. Lakini hicho ni kipimo kingine na karatasi nyingine.

Na kuna pozitivu nyingine ambayo ni habari njema. Tuiangalie.

Protini chache kwa majina yake

p16. Protini hii hutazamwa hasa kwenye saratani ya koo, yaani kwenye tezi za koo na shina la ulimi kule nyuma. Baadhi ya saratani za koo husababishwa na virusi vinavyoitwa HPV, ndugu wa vile vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambavyo mabinti zetu wanachanjwa. Virusi hivyo vikiwemo, p16 hurundikana ndani ya seli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba baada ya miaka 3, wagonjwa wa saratani ya koo yenye HPV walikuwa hai kiasi cha 82 kati ya 100, na wale wasio na HPV 57 kati ya 100. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba utaratibu wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani, ulioanza kutumika mwaka 2018, umezitenga saratani za koo zenye p16 katika kundi lao. Kwa mgonjwa huyo, pozitivu ni nafuu. Lakini angalieni: hayo ni ya koo. Kwa saratani ya kinywa chenyewe, yaani ulimi wa mbele, fizi na mashavu, p16 haitumiki kutabiri namna hiyo. Mtu mwenye kidonda cha ulimi asichukue matumaini au hofu ya ndugu yake mwenye saratani ya koo.

p53. Hii iligunduliwa mwaka 1979, na imechunguzwa kuliko karibu zote. Ifananishe na mlinzi wa geti la ghala siku ya kugawa chakula. Seli inapotaka kujigawa, p53 inakagua: je, maagizo yako yameharibika? Kama yameharibika inaizuia mpaka itengenezwe, na ikishindikana inaiamuru ife. Moshi wa tumbaku huharibu hata maagizo ya kumtengeneza mlinzi mwenyewe. Cha ajabu ni kwamba p53 iliyoharibika haiondolewi haraka kama ile nzima, inarundikana, ndiyo maana kahawia inakuwa nzito. Mara nyingine uharibifu ni wa aina ambayo protini haitengenezwi kabisa, na kioo kinabaki bila rangi. Kwa hiyo rangi nyingi sana ni tatizo, na kukosa rangi kabisa pia laweza kuwa tatizo. Sasa je, p53 inasema nani ataishi? Tafiti ni nyingi sana na hazikubaliani. Kwa saratani ya kinywa, daktari mwangalifu hatabadilisha matibabu kwa ajili ya p53 peke yake.

Ki-67. Jina lake linatokana na mji wa Kiel, Ujerumani, ilikogunduliwa, na ilielezwa mwaka 1983. Protini hii huonekana katika seli iliyo katika shughuli ya kujigawa, na seli iliyopumzika haina. Ndiyo sababu huandikwa kwa asilimia. Asilimia kubwa ina maana uvimbe una haraka. Lakini uvimbe wenye haraka unaweza pia kuitikia mionzi vizuri, hivyo namba hii nayo haisemi yote.

PD-L1. Hapa ndipo elimu ya miaka ya karibuni imeleta faida ya kweli. Mwili una askari wake wanaotafuta seli zilizoasi. Seli ya saratani inaweza kuvaa protini hii juu yake, na askari akiiona anaipisha, kama mtu aliyeonyesha kadi ya bandia getini akapita. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2018 kwa kazi iliyofungua njia ya dawa zinazozuia udanganyifu wa aina hiyo. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa moja ya namna hiyo, pembrolizumab, kuwa tiba ya kwanza ya saratani za kichwa na shingo zilizorudi au kusambaa. Kuitoa peke yake bila dawa nyingine kunategemea kipimo cha PD-L1. Kwa hiyo hii ni alama inayosaidia kuchagua dawa, siyo kukisia tu. Bei ya dawa hiyo ni kubwa mno, na sitaki mtu auze mbuzi wake kwa kusikia jina lake hapa. Nimeitaja ili mjue kwamba kazi ya kupima protini si bure, ina mahali inapoelekea.

Zipo nyingine nyingi, na nyingi kati yake zilivuma kwa miaka michache zikanyamaza. Sababu moja ni kwamba wagonjwa waliochunguzwa mara nyingi ni wachache. Sababu nyingine ni vipimo visivyofanana: maabara moja inaita pozitivu seli 10 kati ya 100 zikipata rangi, nyingine inadai 20. Tatizo hilo lilikuwa kubwa hata wataalamu wakatoa mwongozo mwaka 2005 wa namna ya kuandika tafiti za alama hizi, ili msomaji ajue walipima nini na kwa nani.

Kwa nini daktari hakupi tarehe

Wengi wetu tunalima mahindi na maharage. Mtu aliyekaa hapa miaka mingi anaweza kukuambia: mvua ikichelewa hivi, katika mbegu 100 zitaota kama 60. Na mara nyingi atakuwa sahihi. Sasa chukua mbegu moja, iweke kwenye kiganja chake, umuulize: hii itaota? Hawezi kujua. Anajua habari za shamba, hajui habari za mbegu moja.

Utabiri wa saratani ni hivyo hivyo. Namba zote, za protini au za hatua ya ugonjwa, zinatoka kwenye kundi la wagonjwa waliotangulia. Daktari akisema wagonjwa wa hali yako wanaishi miaka 5 kiasi cha nusu yao, hajasema wewe uko katika nusu ipi. Ndiyo maana anasita ukimuuliza umebaki na muda gani. Hakufichi. Vilevile mtu asije akakuuzia kipimo akisema kitakuambia siku zako.

Kinachotabiri zaidi

Turudi kwenye yale matatu. La kwanza ni upana. Uvimbe usiozidi sentimita 2, kama upana wa kidole gumba, ni tofauti kabisa na ule uliozidi 4.

La pili ni kina, yaani umezama chini kiasi gani. Hili liliongezwa rasmi katika ule utaratibu wa kimataifa ulioanza kutumika 2018, kwa sababu ilionekana kwamba uvimbe mwembamba ulioenea juu juu una hatari ndogo kuliko mdogo uliozama. Mpaka milimita 5, karibu unene wa punje ya haragwe, ni kina kidogo. Zaidi ya 10 ni kina kirefu.

La tatu, na zito kuliko yote, ni tezi za shingo. Saratani ya kinywa ikianza kusafiri hupita kwanza hapo, na unaweza kuzipapasa kama vijiwe chini ya taya au pembeni mwa shingo, mara nyingi bila maumivu. Saratani ikishafika kwenye tezi, matumaini ya kupona hupungua kwa karibu nusu.

Takwimu za Marekani, wanakohesabu kinywa na koo pamoja, zinaonyesha kwamba katika waliogunduliwa kabla ugonjwa haujatoka ulipoanzia, zaidi ya 8 kati ya 10 wako hai baada ya miaka 5. Waliogunduliwa umeshafika sehemu za mbali za mwili ni karibu 4 kati ya 10, na hapo wana hospitali kubwa na dawa zote. Sisi tusitegemee namba zao, lakini mteremko ule ule upo kwetu. Hata matibabu yanatofautiana: uvimbe mdogo huweza kuondolewa kwa upasuaji peke yake, ule uliochelewa huhitaji upasuaji mkubwa pamoja na mionzi, na mionzi ni safari ya wiki kadhaa Kampala.

Kwa nini utabiri una uzito zaidi kwa mkimbizi

Hapa Uganda mkimbizi anatibiwa katika vituo na hospitali za serikali kama raia. Lakini ugonjwa wa gharama kubwa unapohitaji rufaa ya mbali na fedha za shirika, kuna kamati inayokaa kuamua. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 2009 juu ya rufaa unataka kamati za namna hiyo ziangalie pamoja na mengine uwezekano wa mgonjwa kupona na gharama ya tiba. Yaani ule utabiri tuliokuwa tunauzungumza unawekwa mezani.

Mfano ulioandikwa ni wa Jordan, kwenye wakimbizi. Kati ya mwaka 2010 na 2012 maombi 511 ya matibabu ya saratani yalifikishwa mbele ya kamati. Yaliyokubaliwa ni 246, pungufu ya nusu. Sababu kubwa ya kukataliwa ilikuwa kwamba mgonjwa alionekana hana matumaini mazuri ya kupona.

Ni jambo gumu kuliandika katika gazeti la afya, na mtu anaweza kuuliza kama ni haki. Mimi naona ni swali la kuulizwa mikutanoni, tena kwa sauti, hasa tangu misaada ilipopunguzwa mwaka 2025. Lakini wakati tunauliza, tujue linavyofanya kazi. Kidonda cha ulimi cha sentimita moja na nusu kikifika kwenye kamati, ni upasuaji mmoja na matumaini mazuri. Kidonda hicho hicho baada ya miezi minane, shingo imevimba na mgonjwa hamezi uji, ni faili jingine kabisa. Protini zake hazikubadilisha uamuzi. Miezi minane ndiyo iliyobadilisha.

Macho na tochi

Huko Kerala, kusini mwa India, ambako watu wengi hutafuna tambuu na tumbaku, mwaka 1996 ulianza utafiti mkubwa. Watu zaidi ya 190,000 wenye miaka 35 na kuendelea waligawanywa kwa maeneo. Katika maeneo mengine, wahudumu wasio madaktari, waliofundishwa kutazama kinywa, walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miaka michache. Katika mengine huduma ilibaki ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: kwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34 katika maeneo yaliyotazamwa. Hakukuwa na hadubini mlangoni wala kingamwili. Kulikuwa na mwanga, macho, na mtu aliyejua anachotafuta, kisha daktari wa kumpeleka aliyeonekana na dalili. Nilipousoma nilifurahi, maana kazi ile inafanana sana na yetu.

Wewe mwenyewe unaweza kuanza nyumbani, mara moja kwa mwezi, hasa kama unatumia tumbaku, ugoro au waragi. Nawa mikono, toa meno ya bandia kama unayo, simama mlangoni penye mwanga wa jua na kipande cha kioo. Pindua midomo. Vuta mashavu kwa kidole utazame ndani. Toa ulimi, ushike kwa kitambaa safi, uutazame pembeni kushoto na kulia mpaka nyuma, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea kutazama. Inua ulimi uone chini yake. Inua kichwa utazame kaakaa. Maliza kwa kupapasa shingo na chini ya taya.

Unatafuta kidonda kisichopona kwa wiki 2, doa jekundu, doa jeupe lisilofutika, uvimbe au ugumu, damu isiyo na sababu, jino linalolegea bila kuumia, ganzi kwenye mdomo au ulimi. Utando mweupe unaofutika kwa kitambaa mara nyingi ni fangasi. Nao unatibika, njoo pia. Kutokuumwa si dalili nzuri. Saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa, na hilo ndilo linalotudanganya. Wazee waliozoea kuweka ugoro mahali pale pale kila siku watazame hapo kwanza.

Vidonda vingi vya kinywa si saratani. Lakini kikipita wiki 2 usingoje mwezi wa tatu kwa kusukutua maji ya chumvi.

Ukishatumwa rufaa

Kinyama kikikatwa, uliza jibu litatoka lini na nani atalifuata, na acha namba ya simu ya mtu anayepatikana. Ukiambiwa kipimo cha protini kinahitajika, uliza swali moja: jibu lake litabadilisha matibabu yangu? Kama ndiyo, kina maana. Kama ni kwa ajili ya utafiti, una haki ya kuelezwa, kukubali au kukataa, na kukataa hakukunyimi tiba.

Jibu likija, muombe daktari akuambie kwa Kiswahili ukubwa wa uvimbe, kina chake na hali ya tezi za shingo, kisha akuandikie. Kama lugha ni tatizo omba mkalimani kabla hujaingia, au umuombe mhudumu wa afya wa eneo lako akusindikize. Karatasi zote, za Mbarara na za Kampala, ziweke pamoja na kadi ya ukimbizi ndani ya mfuko wa nailoni mbali na mvua, na uzibebe zote kila safari, hata zile zilizochakaa. Faili lisilo na karatasi ya kwanza hurudishwa kupima upya, na kinyama cha pili huchukua wiki zile zile za cha kwanza.